Kompyuta Kuukuu Inapokokota Gemu

Mzazi mpendwa, huenda kijana wako amekujia juma hili na ombi la kompyuta mpya, eti ile ya mitumba mliyomnunulia inakokota gemu. Wachezaji wa kandanda wanatembea kama waliofungwa mawe miguuni, na bao linaingia kabla kipa hajaruka. Kabla hujagusa karo ya muhula ujao, hebu tumchunguze mgonjwa.

Muulize: je, gemu huanza vyema kisha ikalegea baada ya dakika kumi hivi, au hukokota tangu mwanzo?

Ikilegea baadaye, shuku joto. Prosesa ikichemka kupita kiasi hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Kwa mkazi wa Daraja Mbili, Kisii, jambo hili halihitaji maelezo marefu. Kiangazi kikikolea, vumbi la sokoni huingia kwenye vyombo na nguo, sembuse feni ya kompyuta! Fundi aifungue ikiwa imezimwa na kuchomolewa umeme, ashike feni isizunguke, apanguse vumbi kwa brashi laini, kisha abadilishe grisi iliyokauka juu ya prosesa. Nyumbani, mkataze kijana kuchezea laptopu juu ya blanketi, kwani huziba matundu ya hewa. Acheze ikiwa kwenye umeme pia. Ikitumia betri, nyingi hupunguza kasi.

Ikikokota tangu mwanzo, tazama memori. Nyingi za mitumba hazina kadi ya picha ya pekee, hivyo kazi ya kuchora picha hukopa memori ile ile inayotumiwa na programu nyingine. Kukiwa na nafasi ya kijiti cha pili, ongeza kinacholingana na cha kwanza. Viwili hufanya kazi kwa pamoja na picha hupata nafuu.

Hapa ndipo wengi hupunjwa: wanauziwa diski ya SSD kama dawa ya kila ugonjwa. Ni kitu kizuri, kompyuta huwaka upesi na gemu hufunguka haraka. Lakini mechi ikishaanza, kwa kawaida wachezaji watakimbia mwendo ule ule wa jana.

Kuna tiba isiyogharimu hata ndururu. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina vitone zaidi ya milioni 2. Kwenye mipangilio ya gemu, shusha hadi 1280 kwa 720. Vitone vinabaki 921,600, chini ya nusu. Zima na vivuli.

Kuna gemu zisizotibika, lakini. FIFA 23, iliyotoka mwaka 2022, hudai angalau gigabaiti 8 za memori. Mwenye 4 atafute toleo la miaka ya nyuma, atacheza bila kununa.

Na fundi akimaliza, usilipe mpaka gemu ichezwe dakika ishirini mbele yako.