Cheni ya pikipiki pia ni suala la afya

Tunapozungumzia usalama wa wahudumu wa bodaboda hapa nchini, aghalabu tunataja helmeti na jaketi zinazoakisi mwangaza. Sheria ya Trafiki inataka mwendeshaji na abiria wavae vitu hivyo, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, kuna sehemu moja ya pikipiki ambayo ni nadra kutajwa ilhali sisi madaktari tunayafahamu vyema majeraha yake. Nayo ni cheni.

Kidole kikinaswa kati ya cheni na meno ya sproketi hakikatwi kama kwa kisu. Mfupa, neva na mishipa ya damu hupondwa, kisha grisi na uchafu huingia kwenye kidonda. Ndiyo sababu ni vigumu mno kukiunga tena. Mwendeshaji aliyepoteza vidole vya mkono wa kulia hupata taabu kushika aksileta na breki ya mbele, na huenda kazi yake ikaishia hapo.

Kinachosikitisha ni kwamba majeraha haya yanaweza kuepukwa. Wengi huegesha pikipiki kwa stendi kubwa, wakaacha injini ikinguruma na gurudumu likizunguka, kisha wakaisafisha cheni kwa kitambaa. Kitambaa kikivutwa, mkono hufuata. Zima injini, toa ufunguo, na ulizungushe gurudumu kwa mkono, vidole vikiwa mbali na sproketi.

Yafaa pia ieleweke kwamba cheni iliyolegea huweza kuruka na kulifunga gurudumu la nyuma ghafla. Iliyokazwa kupita kiasi nayo huweza kukatika, kwani abiria anapoketi huzidi kukazika. Kwa pikipiki nyingi ndogo, cheni ikisukumwa juu na chini katikati ya sehemu yake ya chini yapasa icheze kati ya sentimita 2 na 3. Fuata kipimo cha kitabu cha pikipiki yako.

Ili kuirekebisha, legeza nati ya ekseli, kisha zungusha boliti za kurekebishia za pande zote mbili kwa kiasi sawa. Alama za kushoto na kulia zisipolingana, gurudumu hukaa mshazari, pikipiki huvuta upande na meno ya sproketi huliwa upande mmoja. Kaza nati sawasawa, kisha kagua breki ya nyuma kabla ya kuondoka, kwa kuwa kulisogeza gurudumu huibadilisha pia.

Abiria nao wamo hatarini. Leso, buibui na miguu ya watoto hunaswa kwa urahisi pale ambapo kinga ya cheni imeng'olewa. Mama, kunja nguo yako kabla ya kupanda, na ukiona cheni iko wazi, tafuta pikipiki nyingine.

Ajali ikitokea, zima injini na ukandamize kidonda kwa kitambaa safi. Usipake mafuta ya taa, grisi wala udongo. Kidole kilichokatika kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kisiguse barafu yenyewe. Mkimbize majeruhi hospitalini, na uulizie sindano ya pepopunda.

Kwa maoni yangu, mafunzo ya waendeshaji hayajakamilika ikiwa mtu anapata leseni bila kujua kukagua cheni. Viongozi wa vituo vya bodaboda nao wasingojee serikali. Watenge siku moja kila wiki ya kukagua cheni na kinga zake, na pikipiki yenye kasoro isibebe abiria hadi itengenezwe. Kazi hiyo yahitaji spana na dakika chache tu, na usipoziba ufa utajenga ukuta.