RAMANI YA UONGO INAUA. TULIULIZA, TUNANGOJA JIBU

Goma, Mei 2022

Wandugu wakaaji wa Goma na wa Nyiragongo, vijana wenzetu,

Mwaka umepita tangu volkano ishuke. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 tulikimbia na magodoro kichwani, wengine njia ya Sake, wengine mpakani kuelekea Gisenyi. Lava ilikata barabara ya Rutshuru, ikameza nyumba za Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa. Siku tano nyuma, tarehe 27, gavana wa kijeshi akatoa amri: kartie 10 kati ya 18 za muji zihame. Majengo, Mabanga Nord, Mabanga Sud, Virunga, Bujovu, Murara, Kahembe, Mikeno, Mapendo na Les Volcans.

Angalieni vizuri ile orodha. Ni majina tu. Siku ile hakuna mtu aliyekuuliza kama nyumba yako iko karibu na moto. Waliuliza: uko kartie gani? Na kule kaskazini, pale nyumba za muji na nyumba za Buhene zinagusana ukuta kwa ukuta, watu walisimama barabarani na mizigo yao wakiulizana: "Sisi tuko ya wapi? Ya muji ao ya teritware?" Buhene, kule moto ulifika kwanza, haimo katika zile 10, juu Buhene iko Nyiragongo. Moto haukuuliza mpaka uko wapi. Amri njo iliuliza.

Tangu siku ile tulianza kuuliza habari ya ramani.

Tulipata kopi ya ramani ambayo biro za serikali zinatumia kwa sehemu yetu ya muji. Tukaichukua, tukatembea nayo kwa miguu, kila jumamosi, na simu zetu zenye GPS na kayee moja. Tuliyoona, kila mkaaji anaweza kwenda kuona mwenyewe. Kuna avenyu ambayo ramani inaichora imenyooka kama rula, wakati lava ya tarehe 17 Januari 2002 iliifunga, watu wakajenga juu ya mawe, na njia ya kweli inazunguka nyuma. Miaka 20! Motari anajua, mtu wa chukudu anajua, mtoto wa shule anajua. Leta haijui. Kuna kituo cha afya kilichohama zamani, lakini kwenye ramani kingali pale pa zamani. Kuna nafasi iliyoandikwa "shule", na leo ina nyumba tatu za gorofa na geti la chuma. Na ule mstari wa mpaka kati ya muji na teritware unapita katikati ya parseli za watu: jikoni Goma, chumba cha kulala Nyiragongo.

Hatukukosa makosa sisi wenyewe. Avenyu moja tuliiandika jina baya, mama mmoja muuza makala akatucheka akatusahihisha. Tulifuta palepale. Dakika mbili. Mujue basi kwamba kusahihisha si kazi ya miaka.

Mwezi wa Januari tulipeleka dosye: orodha ya makosa, picha, na sahihi za wakaaji. Hatukupiga kelele, hatukuchoma matairi. Tulivaa vizuri, tukapanga mstari. Biro ya kwanza ilitutuma kwa ya pili. Ya pili ilisema: "Mukubwa hayuko, murudi kesho." Kesho yake, vilevile. Ya tatu iliomba pesa ya transport ya fundi "aende kuona terrain", na risiti haikuwepo. Mwishoni mtu mmoja alichukua dosye yetu, akaitia chini ya dosye zingine, na tulipoomba karatasi ya kuonyesha kwamba ameipokea, akajibu: "Batoto, ramani ni ya Leta. Muko na kalite gani? Mutafute kazi."

Ndiyo, wengi wetu tuna diplome na hatuna kazi. Njo maana tulikuwa na wakati wa kutembea zile avenyu zote. Wenye kazi ile, wanaolipwa kwa ile kazi, wao walikuwa wapi?

Tuyajibu basi yale waliyotuambia, moja moja.

Wanasema ramani ni mambo ya mafundi. Sawa. Hatukuja kumfukuza fundi, tulikuja kumwonyesha pa kuanzia. Fundi anajua kupima. Lakini ni mkaaji anayejua kwamba daraja lilianguka na njia ilifungwa. Fundi asiyeuliza mkaaji atachora vizuri sana kitu ambacho hakipo.

Wanasema udongo ni wa serikali, sheria ya 1973. Tunaijua. Sheria ile inasema udongo ni wa serikali, haisemi kwamba makosa pia ni mali yake. Na serikali ni nani? Ni ile inayokuja kukusanya kodi. Kwa kukusanya kodi, hakuna ramani inayopotea: kule mpakani kuna baba wa familia anayegongewa mlango na mtu wa muji asubuhi, na mtu wa teritware mangaribi. Parseli moja, kodi mbili. Lakini akiomba maji, muji unamwambia yeye ni wa teritware. Akienda teritware, wanamwambia yeye ni wa muji. Akiibiwa usiku, atajua polisi gani ya kuita?

Wanasema hakuna pesa. Kazi tuliyofanya ilitugharimu viatu na mege. Na tuliwaletea bure.

Wanasema tena, na hili ni zito, kwamba tunataka kuchokoza ugomvi wa mipaka kati ya Goma na Nyiragongo. Tunajibu wazi: sisi hatusemi mpaka upite huku ao kule. Hilo si la vijana wachache kuamua, na wakaaji wa Nyiragongo wana haki zao ambazo muji hauwezi kumeza kama lava. Tunachosema ni kwamba mpaka uandikwe, utangazwe, na kila nyumba ijue iko wapi. Ugomvi hauzaliwi na mstari ulioandikwa. Unazaliwa na mstari ambao kila mukubwa anauhamisha kufuatana na mfuko wake.

Na hapa wandugu, tuseme kile kinachonuka. Kosa likikaa miaka 20, si kosa tena. Lina mwenyewe. Ile nafasi ya shule haikuruka yenyewe kutoka kwenye ramani. Pale ramani iko na giza, parseli moja inauzwa mara mbili, makaburi yanakuwa kiwanja, na mjane anaambiwa karatasi zake "haziendani na plan". Anayekula ndani ya giza hawezi kukuletea taa.

Msisahau pia kwamba nchi hii haijahesabu watu wake tangu 1984. Sisi tunaoandika hapa hatukuwa tumezaliwa. Leta haijatuhesabu, na haijui tunalala wapi. Volkano ikishuka kesho, itatuhamisha kwa orodha gani?

Tunakumbusha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 27: kila Mkongomani ana haki ya kupeleka ombi kwa wakubwa wa serikali, peke yake ao pamoja na wengine, na wao wanapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kifungu kilekile kinasema hakuna mtu anayeweza kushitakiwa kwa kufanya hivyo. Tumo ndani ya utawala wa kijeshi, lakini Katiba haikuhamishwa Sake. Tulipeleka Januari. Leo ni Mei. Hesabuni wenyewe.

Kwa hiyo tunadai:

1. Tupewe karatasi yenye kashe na tarehe, inayoonyesha kwamba dosye yetu imepokelewa, na jibu la maandishi kwa kila kosa: ni kweli, ao si kweli, na kwa nini.

2. Ramani za kartie zote 18 na za sehemu za Nyiragongo zinazogusa muji zibandikwe kwenye biro za kartie na za grupma, mahali kila mtu anaweza kuzisoma bila kulipa.

3. Muji na teritware wakae meza moja, mbele ya wakaaji, wapange mpaka. Wakingali hawajapatana, nyumba moja isilipe kodi mbili.

4. Mpango wa kuhama wakati wa volkano ufuate pale watu wanaishi kweli, na kila avenyu ijue leo njia yake ya kukimbilia, mbele ya moto kufika.

Na wewe unayesoma, usingoje sisi. Jumamosi hii chukua simu yako, zunguka avenyu yako. Uliza wazee jina lake la kweli. Andika pale njia imefungwa, pale bomba la maji liko, pale kulikuwa uwanja wa watoto na leo kuna ukuta. Peleka kwa shefu wa kartie, omba sahihi yake, weka kopi nyumbani. Wakikataa kupokea, andika tarehe na saa waliyokataa.

Dosye moja inaweza kupotea chini ya zingine. Dosye za kila avenyu ya muji hazitaenea chini ya meza yoyote.

Tutarudi kwenye ile biro jumatatu, na kila jumatatu, bila fujo, na ramani mkononi. Mukubwa akisema "murudi kesho", tutarudi kesho.

Sisi tunakaa pale. Tunajua ni wapi.