Anayejifunza Kijerumani Ajifunze Kuzieleza Salamu

Wanaojifunza Kijerumani katika Afrika Mashariki wamezidi kuwa wengi, hasa baada ya Kenya na Ujerumani kutia saini mkataba wa ajira na uhamiaji mjini Berlin mwezi Septemba 2024, na kwa karibu wote somo la kwanza huwa ni salamu: Guten Morgen ya asubuhi, Guten Tag ya mchana, Guten Abend ya jioni. Maneno hayo hukaririwa siku chache, kisha mwanafunzi akahamia kwenye hesabu na majina ya vyakula, akidhani kwamba jambo la salamu amelimaliza. Dhana hiyo haifai kuachwa hivi hivi, kwa kuwa kumsalimu Mjerumani ni jambo moja, na kuzungumza naye juu ya salamu zenyewe, yaani kumweleza desturi za huku na kumwuliza za huko, ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo linalomkinga mgeni asidhaniwe vibaya, wala yeye asiwadhanie vibaya wenyeji.

Mswahili aliyelelewa kumwamkia kila anayepishana naye, na kuendeleza maamkizi hadi kwenye habari za kazi, za watoto na za nyumbani, akifika Hamburg huona watu wakipita kimya, naye huwahi kuhukumu kwamba Wajerumani hawana adabu. Hukumu hiyo si ya haki. Mjerumani yuleyule aliyepita kimya barabarani, aingiapo katika chumba cha kungojea daktari, huwaamkia wote waliokaa humo ingawa hamjui hata mmoja, nao humwitikia. Na amalizapo kuzungumza na mtu kwa simu, kama anataka kuaga kwa heshima, hasemi Auf Wiedersehen, ambayo ni ya watu wanaoonana, bali husema Auf Wiederhören, yaani mpaka kusikizana tena. Adabu ipo, ila imepangiwa mahali pengine. Kadhalika swali Wie geht es Ihnen?, la kumwuliza mtu hali kwa heshima, kwa kawaida haliulizwi mtu asiyejulikana kabisa, na anayeliuliza asishangae akipewa jibu la kweli, pamoja na habari ndefu za maumivu ya mgongo.

Ili kuyazungumza hayo bila kumuudhi mtu, mwanafunzi anahitaji sentensi za namna maalumu, na msingi wake ni neno man, ambalo humtaja mtu yeyote pasipo kumtaja fulani, na ambalo kitenzi chake huwa cha nafsi ya tatu umoja. Mwenye kujua Kiswahili hatapata taabu kubwa hapo, maana kiambishi hu- cha mazoea hufanya kazi iliyo jirani na hiyo. Bei uns gibt man sich die Hand maana yake ni kwamba kwetu watu hupeana mikono. In Japan verbeugt man sich ni kwamba Japani watu huinama. Na Es gilt als unhöflich, wenn man ohne Gruß vorbeigeht ni kwamba huhesabiwa utovu wa adabu mtu kupita bila salamu, na humo kitenzi kilichofuata wenn husukumwa hadi mwisho, mahali ambapo wengi hujikwaa. Na tofauti ya namna ya kusema ipimwe vizuri. Anayesema Ihr Deutschen grüßt nicht, yaani nyinyi Wajerumani hamsalimu, ameshtaki, na mshtakiwa hujitetea. Anayesema Bei uns grüßt man auch Fremde, yaani kwetu hata wageni husalimiwa, ameeleza, na msikilizaji huvutwa kuuliza.

Hata hivyo maelezo ya desturi yasitolewe kana kwamba ni sheria, na ndiyo sababu maneno oft (mara nyingi) na meistens (aghalabu) yajifunzwe mapema. Kaskazini mwa Ujerumani Moin husemwa kutwa nzima, Bavaria na Austria husema Grüß Gott, na Waswisi wasemao Kijerumani wana Grüezi yao. Tena desturi hugeuka: tarehe 2 Machi 2020, kwa hofu ya korona, waziri wa mambo ya ndani Horst Seehofer hakuupokea mkono wa Chansela Angela Merkel, na waliokuwapo walicheka, ingawa mwaka mmoja kabla tendo hilo lingekuwa tusi.

Wala asiwepo wa kuona haya kuufundisha utamaduni wake, kwani katika Chuo cha Lugha za Mashariki kilichofunguliwa Berlin mwaka 1887, Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetoka Bagamoyo, aliwafundisha Wajerumani Kiswahili tangu mwaka 1900. Basi walimu wa leo wawaketishe wanafunzi wawili wawili, mmoja awe mwenyeji na mwingine mgeni, na mgeni aeleze kwa Kijerumani: Die Jüngeren sagen „Shikamoo“, und die Älteren antworten „Marahaba“, kisha aulizwe kwa nini, naye ajibu kwa sentensi zake mwenyewe, hata zikiwa na makosa, na mwalimu asimkatize mpaka amalize.