Hesabu Maji Kabla ya Ng'ombe

Juma lililopita alitujia baba mmoja wa Majengo, daftari mkononi. Amepata kiwanja huko juu upande wa Kibati, amekwisha kujenga zizi lenye paa la mabati, naye ataka kununua ng'ombe watano wa Masisi, waliokonda kwa safari, awanenepeshe siku mia, kisha awauze kwa wachinjaji wa Goma. Daftarini mlikuwamo bei ya ng'ombe, ya majani, ya machicha ya pombe, ya chumvi, hata mshahara wa mchungaji. Tulisoma ukurasa mzima tukitafuta neno "maji". Halikuwamo.

Tulipomwuliza, alijibu, "Watoto watachota."

Mtu aliyekulia Masisi husahau maji kwa urahisi, maana vijito vya kule havina idadi, na ng'ombe huenda kunywa wenyewe. Lakini sisi wa Goma twakaa juu ya mawe ya volkano. Mvua hunyesha kwa wingi, ila maji hupenya katika nyufa za mawe na kuzama, hata ukipanda kutoka mjini mpaka Kibumba huoni mto. Walio wazima leo wanakumbuka mwaka 1994, kambi ya wakimbizi ilipowekwa huko Kibumba: maji ilibidi yapelekwe kwa malori. Na maji ya bomba la mjini huvutwa kwa pampu kutoka Ziwa Kivu, na pampu yataka umeme. Januari 2025, vita vilipofika mjini, umeme ulikatika na pampu zikasimama. Kabla ya hapo, Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, moto wake ulifika hata Buhene, ukaharibu tangi na mabomba, na watu wapata nusu milioni wakakosa maji safi. Mwanadamu katika shida hiyo huenda kwa jirani akaomba. Ng'ombe aliyefungwa zizini hana pa kwenda.

Basi tuliketi kuhesabu, na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wachukue kalamu wahesabu pamoja nasi. Ng'ombe wa kunenepeshwa tumkadirie lita 40 kwa siku. Akila majani mabichi atakunywa pungufu. Akila vyakula vikavu wakati wa jua atapita hapo, na ng'ombe wa maziwa hupita zaidi. Ng'ombe watano, lita 200. Ni bidoni kumi za lita 20 kila siku, hata Jumapili, hata siku ya mtihani. Kwa siku mia ni bidoni elfu moja. Kila mtu na azidishe kwa bei ya bidoni mtaani kwake, aongeze na malipo ya chukudu ya kuzipandisha mpaka Kibati, aone faida imebaki wapi. Asidhani pia kwamba ataweza kuwabania kidogo. Ng'ombe mwenye kiu hupunguza kula, na asiyekula hanenepi, ujapomjazia majani mpaka magotini.

Baba yule alinyamaza. Kisha akauliza kama kisima hakichimbiki. Kuchimba mwamba ule ni kazi ya mashine na fedha nyingi, wala hakuna wa kukuahidi kwamba utayakuta maji.

Lakini mto anao, nao uko juu ya zizi lake. Paa lina mita 5 kwa 8, yaani mita mraba 40. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Kwa hiyo mvua ya milimita 10 humpa lita 400, na tukitoa sehemu ya tano kwa yanayomwagika na kukauka, zabaki 320. Kwa mwaka Goma hupata mvua ipitayo milimita 1,000. Tukishika elfu hiyo tu, paa lake litamletea kama lita 32,000. Ng'ombe watano wataka 73,000 kwa mwaka, na wawili 29,200. Paa limesema wawili.

Hakufurahi, nasi hatukumlaumu, kwani fedha ya ng'ombe watano alikuwa nayo tayari.

Iliyobaki ni kuyaweka. Miezi ya Juni, Julai na Agosti mvua huwa chache, na ng'ombe wawili kwa siku 90 wataka lita 7,200. Birika la mita 2 kila upande na kina cha mita 2 hushika lita 8,000. Mawe ya kujengea hayana bei, yamejaa kiwanjani; saruji ndiyo ghali. Lijengwe juu ya ardhi, lipakwe vizuri ndani, lifunikwe kwa ajili ya mbu na watoto wadogo, na bomba la kutolea likae chini kidogo, juu ya matope.

Jambo moja zaidi, la sisi tukaao chini ya mlima huu. Moshi na majivu ya volkano huweza kuitia mvua asidi na floridi, na floridi ikizidi huharibu meno na mifupa, ya watu na ya mifugo. Huko Iceland, volkano ya Laki ilipolipuka mwaka 1783, ng'ombe wapata nusu ya wote walikufa, wengi kwa sumu hiyo iliyoanguka juu ya majani. Kwa hiyo maji ya kwanza yaoshayo mabati yamwagwe, ndipo mfereji uelekezwe birikani. Na siku za moshi mwingi au majivu usielekezwe kabisa.

Jana tulipita kule. Ukuta wa birika umefika kifuani. Binti yake mkubwa alikuwa shuleni, na ng'ombe hajanunuliwa hata mmoja.