Mwanamke pwani bila ndoo



Mwanamke wa kwetu ukimkuta pwani atakuwa na ndoo, au kamba za mwani, au kijiti cha kutolea pweza. Ikiwa mikono mitupu, hakosi kuulizwa: "Bibi, unatafuta nini?" Mwanamme anaweza kukaa ubavuni mwa ngalawa tangu alasiri mpaka magharibi akiitazama bahari, na hakuna anayemuuliza kitu. Mimi naona na sisi tuna haki ya kwenda pwani kutazama tu. Na wakati mzuri wa kuanza ni huu, Machi na Aprili, kaskazi inapomalizika na ndege wageni wanapojitayarisha kuondoka.

Ndege wenyewe ni wale wale tunaowapita kila siku tukienda kwenye mwani. Yumo sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda, jina moja na ile ya kuchimbia. Wamo vitwitwi wanaokimbia ukingoni mwa maji kama watoto waliofunguliwa chuoni. Baadhi ya hao wadogo wanazaa Siberia, kaskazini kabisa, ambako theluji inayeyuka mwezi wa sita. Tangu vuli tunawaona wamevaa kijivu. Mtazame mmoja vizuri mwezi wa nne: kifua na tumbo vinageuka rangi ya tofali. Huku anabadili nguo, huku anakula bila kupumzika, maana safari ile haendi mtu na mwili mwembamba. Mafuta anayoyaweka hapa kwetu, kutokana na vidudu vya tope letu, ndiyo masurufu yake.

Ninayempenda mimi ni mwengine: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa. Huyu hazai Siberia. Anazaa Ghuba na Bahari ya Shamu, kwenye visiwa vya mchanga, na anachimba shimo refu ardhini ili yai lisiungue kwa jua. Yai lenyewe ni moja tu. Kinda akishakuwa anasafiri na wazazi wake mpaka huku, na hata akifika bado anawafuata nyuma akililia chakula, nao wanampa. Kina mama wenye vijana wakubwa nyumbani wananielewa. Na wanaondoka majira yale yale ambayo majahazi yalikuwa yakirudi Arabuni kwa upepo wa kusi. Sisi tunaohesabu ndugu zetu wa Maskati tumesahau kuwahesabu hawa.

Najua litakalosemwa: haya ni mambo ya wazungu wenye darubini shingoni. Hapo ndipo sikubaliani kabisa. Fungua Suratun Naml usome habari ya Nabii Sulayman, alayhis salaam. Aliwakagua ndege akagundua mmoja hayupo, hud-hud. Mfalme mwenye majeshi ya watu na majini, na ndege mmoja asipoonekana anajua! Huwezi kumkosa usiyemjua. Na Suratul Mulk, ambayo wengi wetu tunaisoma kila usiku kabla ya kulala, inatutaka tuwatazame ndege walio juu yetu. Tunaisoma kwa moyo, lakini ni lini mara ya mwisho tuliinua uso?

Hili la kutojua nani hayupo ndilo linalonitia wasiwasi. Mikoko ya Chwaka inakatwa kwa kuni, kwa fito na kwa kuchomea chokaa, ijapokuwa eneo kubwa limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa 2004. Kwengine kuta za majumba zinashuka mpaka maji yanapofika. Ndege hawa wanahitaji vitu viwili: tope la kulia maji yakipwa, na mahali patulivu pa kusimama yakijaa. Ukiwanyima hiki cha pili, wanarushwa huku na huku mchana kutwa na mafuta ya safari yanaishia hapa hapa. Siku wakipungua, nani atatoa ushahidi? Mtaalamu anakuja siku mbili, anahesabu, anaondoka. Mkulima wa mwani yupo pale kila bamvua, mwaka baada ya mwaka. Anajua mengi kuliko anavyodhani, ila hajaulizwa, na mwenyewe hajioni kuwa ni mtu wa kuulizwa.

Na wale wavulana wenye manati, tuanze nao nyumbani. Imepokewa kwamba masahaba walichukua makinda ya ndege, mama yao akaja anapapatika, na Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, akaamuru warudishiwe mama yao. Kisa kama hicho mtoto akisimuliwa palepale pwani, ndege wakiwa mbele yake, kinamwingia zaidi kuliko kofi.

Kwa anayetaka kujaribu: msiende wakati maji yamekupwa kabisa, ndege watakuwa mbali kama nukta. Nendeni yanapopanda, saa mbili hivi kabla ya kujaa, maana bahari yenyewe inawasogeza kwenu. Kaeni chini, msiwafuate. Darubini moja inatosha watu watano, na isipokuwepo macho yanatosha. Walio mjini wapande daladala ya Chwaka baada ya alasiri, wawili watatu pamoja, na wachukue mkeka na birika la chai. Mtoto asiyeweza kutulia apeni kazi ya kuhesabu, na idadi iandikwe na tarehe yake, hata kama ni nyuma ya daftari la kikoba.