Usiongezewe dawa kwa kubahatisha

Mama mmoja wa Katesh, aliyepewa figo na kaka yake, aliniuliza: “Daktari, kreatinini imepanda, wanataka kuchukua kinyama cha figo wakakipime. Kaka ametoa figo nzima, mimi niiruhusu itobolewe? Si waniongezee dawa tu?”

Hofu yake naielewa, lakini dawa hizo zingeweza kumpotezea figo.

Kreatinini ikipanda hutuambia kwamba figo haichuji vizuri. Haituambii sababu. Huenda chembe nyeupe za damu zimeivamia figo. Hapo mara nyingi hutolewa steroidi kwa dozi kubwa. Huenda kingamwili zinashambulia mishipa yake midogo; hapo damu inaweza kuhitaji kuchujwa ili kuziondoa. Au figo haijakataliwa kabisa, bali imeingiliwa na kirusi cha BK. Tiba yake ni kupunguza dawa za kushusha kinga. Ukiongezewa, unakipa kirusi nguvu.

Kinachotofautisha haya kwa uhakika ni kile kinyama. Tangu wataalamu walipokutana Banff, Kanada, mwaka 1991, madaktari wa patholojia duniani hutumia mwongozo mmoja. Kwa hadubini hukagua mirija, vichujio na mishipa ya damu, na kila badiliko hulipa alama kuanzia 0 hadi 3. Alama hizo ndizo zinazotaja aina ya tatizo na ukali wake.

Kinachotolewa ni kipande chembamba kama uzi, kwa sindano, baada ya ganzi, huku daktari akiitazama figo kwa ultrasaundi. Mkojo unaweza kuwa na damu kidogo, ndiyo maana utabaki chini ya uangalizi.

Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, Machi 2018. Kutoka Haydom au Katesh, safari ni ndefu na nauli inauma. Lakini msisubiri maumivu, kwa sababu figo inayokataliwa mara nyingi haiumi. Pimeni damu tarehe mliyopangiwa, na msiruke dozi hata moja.

Mgonjwa, au mzazi wa mtoto aliyepandikizwa, jibu likitoka uliza: Ni aina gani? Ni kali kiasi gani? Tiba inabadilikaje? Omba nakala uitunze. Nasi madaktari tuna deni la kukueleza kwa Kiswahili unachokielewa.