Ruzuku Inayomfuata Aliye Nacho



Kuna kanuni inayosifiwa sana katika vikao vya maendeleo, nayo ni ile ya shilingi kwa shilingi: shule ya umma ikichanga kiasi fulani kwa ajili ya kompyuta, nyaya za umeme na mtandao, Serikali au mfadhili huongeza kiasi kama hicho hicho. Kanuni hii husifiwa kuwa ya haki kwa sababu haimpendelei mtu. Sisi tunasema kwamba ni mizani iliyochezewa.

Tuchukue shule mbili za sekondari. Ya kwanza iko mjini, na wazazi wake ni wafanyabiashara na watumishi wenye mishahara. Wanakusanya shilingi milioni 20 pasipo kuuza hata kuku. Ya pili iko kijijini, mahali ambapo mvua ikikosekana hakuna cha kukusanya. Kwa taabu kubwa zinapatikana milioni 2. Serikali inaongeza 20 juu ya 20, na 2 juu ya 2. Kabla ya ruzuku, shule ya mjini iliizidi ile ya kijijini kwa milioni 18. Baada ya ruzuku inaizidi kwa milioni 36. Nusu ya pengo hilo imejengwa kwa fedha za umma! Na fedha za umma ni za nani? Mama wa kijijini anaponunua mche wa sabuni hulipa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, sawasawa na mwenye ghorofa. Amechanga basi mara mbili: kwanza kwa shule ya mwanawe, kisha kwa kompyuta za shule asiyoijua hata kwa jina. Yule mjane wa Injili aliyetoa senti zake mbili alisifiwa na Bwana kwa kuwa alitoa vyote alivyokuwa navyo. Katika daftari la shilingi kwa shilingi angeongezewa senti mbili.

Kanuni hii haikuanzia kwenye kompyuta. Kwa miaka mingi wananchi wameinua maboma ya madarasa hadi usawa wa lenta, ndipo Serikali ikaja kumalizia. Waamini wetu wamebeba mchanga, mawe na maji, na hatuwezi kuidharau kazi ya mikono yao. Lakini mchanga hupatikana mtoni, na nguvu ya kuubeba hata maskini anayo. Chumba cha kompyuta hakijengwi kwa nguvu peke yake. Chahitaji nondo madirishani, milango imara, umeme, na baada ya hapo uniti za LUKU ambazo zikiisha katikati ya mwezi mashine zote hugeuka samani. Shule inapoambiwa itangulize hayo yote ndipo iletewe vifaa, yaani inaambiwa: kwanza acha kuwa maskini, kisha tutakusaidia.

Wapo watakaotujibu kwamba cha bure hakithaminiwi, na ya kwamba Mwalimu Nyerere alitufundisha kujitegemea. Kweli alifundisha, mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea. Lakini aliandika pia kuhusu usawa, na hilo halitajwi sana na wanaomnukuu. Tena Serikali yenyewe ilishatamka, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, kwamba elimumsingi itolewe bila ada. Mchango ukiwa wa hiari, lakini asiyechanga akaikosesha shule yake ruzuku, hiari hiyo ni ya namna gani? Papa Leo XIII katika Rerum Novarum (1891), na Papa Paulo VI katika Populorum Progressio (1967), walifundisha kwamba mapatano baina ya wasiolingana kwa nguvu hayawi ya haki kwa sababu tu pande zote zimekubali.

Wala isisemwe kwamba hakuna njia nyingine. Mwaka 2021, kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliofikia shilingi trilioni 1.3, nchi yetu ilijenga madarasa 15,000 kwa muda wa miezi michache, bila kwanza kuuliza ni kijiji gani kimechanga kiasi gani. Palipokuwa na nia, sharti la mchango lilisahaulika.

Tena wapo waliotutangulia katika jambo hili hili la mtandao mashuleni. Nchini Marekani, chini ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996, shule hupunguziwa gharama za mtandao kwa asilimia 20 hadi 90; na kipimo chenyewe ni umaskini wa wanafunzi na umbali wa mahali, hata shule iliyo maskini kuliko zote hubakiwa na sehemu ndogo tu ya kulipa. Mwaka 2014 iliongezwa kanuni kwamba serikali za majimbo ya nchi hiyo zikitoa fedha za kutandaza nyaya mpya, mfuko wa taifa nao utatoa kiasi sawa, usizidi asilimia 10. Angalieni nani anayedaiwa mchango huo: ni serikali, si mzazi mwenye jembe. (Hatuisifu Marekani kwa kila jambo, ila penye haki tuseme ni haki.) Nako Nigeria, sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2004 huzitaka serikali za majimbo zitoe nusu kabla ya kupewa ruzuku ya taifa, matokeo yake, fedha nyingi zimelala bila kuchukuliwa, na watoto ndio wanaoadhibiwa kwa uzembe wa wakubwa.

Kwetu mfuko wa kuanzia upo. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uliwekwa kwa sheria ya mwaka 2006, na makampuni ya simu huuchangia. Kila tunapopiga simu tunakuwa na sehemu yetu humo.

Hili si jambo la anasa. Kijana amalizapo kidato cha sita, maombi ya mkopo wa elimu ya juu hufanyika kwa mtandao. Aliyesoma kijijini mara nyingi hugusa kompyuta kwa mara ya kwanza katika duka la steshenari mjini, akimlipa mtu amjazie fomu ya maisha yake, na herufi moja ikikosewa hana namna ya kujua.

Kwa hiyo tunadai kwamba ruzuku ya vifaa ipangwe kinyumenyume: shule isiyo na kitu itangulie, na sharti la mchango liondolewe kwake kabisa, jasho la wananchi lihesabiwe kwa thamani yake, na gharama za umeme na matengenezo ziwemo ndani ya ruzuku. Mkutano Mkuu wa Kijiji, kwa sheria, hukutana angalau kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri za Walei zihakikishe kwamba katika mkutano ujao taarifa ya shule inasomwa hadharani: imepokea nini, imetozwa nini, na shule jirani ya mjini imepata kiasi gani. Majibu yaandikwe, na nakala iletwe parokiani.